Waliotutoka Tarehe Kama ya Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubao Wetu wa Kumbukumbu, Dodoma

Ubao wenyewe uko Makole, nje ya kibanda changu cha daftari, kalamu na fotokopi. Nilifundisha Historia hadi nikastaafu, na kila asubuhi naandika kwa chaki majina ya watu waliofariki tarehe kama ya siku hiyo, mwaka wowote na nchi yoyote. Wapita njia huuliza, na maswali mengi ni yaleyale, ndiyo maana nimeyajibu hapa kwa utulivu.

Mwalimu, ubao huu ulianzaje?

Ulianza na Aprili 12. Kijana wa bodaboda anayeegesha hapa nje aliniletea fomu za chuo za mdogo wake nizitoe kopi. Zilikuwa za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kile cha Morogoro. Nikamuuliza, "Sokoine ni nani?" Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, si ndiyo jina la chuo?"

Hakukosea. Hata hivyo jibu lile lilinikaa kooni, kwa sababu Edward Moringe Sokoine alitokea kwetu hapa siku aliyokufa. Ilikuwa Aprili 12, 1984. Waziri Mkuu alikuwa ametoka kwenye Bunge, Dodoma, anarudi Dar es Salaam kwa barabara, gari lake likapata ajali eneo la Dakawa, Morogoro. Alikuwa na miaka 45. Jioni ile Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwaambia wananchi kupitia Radio Tanzania. Kwetu redio ilikuwa kwa jirani, na tulisimama dirishani, ndani na nje, watu wazima wakilia mbele ya watoto. Mimi sikuwa nimewahi kumwona baba analia.

Miezi michache baadaye chuo cha kilimo kikapewa jina lake. Miaka 40 mbele, jina limebaki na mtu amepotea. Kesho yake nikanunua ubao wa plaiwudi, nikaupaka rangi nyeusi, nikaandika: "Aprili 12, 1984. Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu. Alipita barabara hii." Aliyesimama kwanza ni yule kijana wa bodaboda. Alisoma mpaka mwisho, akaniuliza ni barabara ipi hasa.

Kwa nini siku ya kufa na si ya kuzaliwa?

Wazee wetu wengi hawana siku ya kuzaliwa. Huku Ugogoni mtu alihesabiwa kwa njaa na mvua. Bibi yangu alijulikana kuwa alizaliwa baada ya Mtunya, ile njaa kuu iliyoiparaganya nchi yetu miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake kidogo, wanajeshi walipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakataa. Tarehe na mwezi hakuna aliyeandika. Lakini siku aliyokufa bibi, ukoo mzima unaijua hadi saa.

Ndivyo ilivyo hata kwa mashuhuri. Hukwe Zawose, gwiji wetu wa muziki wa Kigogo, mpigaji wa ilimba na zeze, mwaka wake wa kuzaliwa kila mmoja anautaja kivyake. Siku yake ya kufa haina ubishi.

Aprili 7 ulimweka Mzee Karume na Kanumba ubao mmoja. Ni heshima hiyo?

Swali hili limeletwa kwangu kwa ukali kuliko yote. Mzee mmoja alisimama mbele ya ubao akiwa ameshika kofia mkononi, akasema, "Mwalimu, huyu ni Rais, huyu ni mwigizaji. Unawalinganishaje?"

Siwalinganishi. Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, alipigwa risasi jioni ya Aprili 7, 1972 pale Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, akiwa anacheza bao. Amezikwa hapohapo. Siku hiyo ni mapumziko ya taifa, watoto hawaendi shule. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012. Alikuwa na miaka 28 tu. Umati uliojaa viwanja vya Leaders kumuaga, na mpaka makaburi ya Kinondoni, ulikuwa wa watu ambao hawakuitwa na chama wala serikali.

Nilimweleza mzee kwamba binti wa miaka 20 anayepita hapa ana habari za Kanumba. Alimwona kwenye runinga ya mama yake, analia kwenye filamu na mama naye analia kochini. Akisimama kwa ajili ya Kanumba, jicho linapanda mstari wa juu na kumkuta Karume. Siku ile nilihesabu wasichana wanne walioniuliza, "Kwani Karume aliuawa?" Miaka yote ya mapumziko ya Aprili 7 hawakuwahi kuuliza.

Mzee hakukubali siku hiyo. Mwaka uliofuata alikuja mapema, akaniomba niongeze jina la tatu: Agathe Uwilingiyimana, Waziri Mkuu wa Rwanda, aliyeuawa Aprili 7, 1994, asubuhi ya kwanza ya mauaji ya kimbari. Aliniambia mwaka ule yeye alikuwa dereva wa lori njia ya Kigali. Hakusema zaidi, na mimi sikumuuliza.

Kwani watu kufa tarehe moja kuna maana yoyote? Si ishara?

Wengi wanauliza hivi kwa sauti ya chini. Sina elimu ya ishara. Ninayo hesabu kidogo, na ni hesabu inayoshangaza. Ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na tarehe moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Wakifika 57, ni karibu asilimia 99. Kwa tarehe za kufa hesabu ni hiyohiyo. Mwaka una siku 365, na walio mashuhuri duniani ni maelfu kwa maelfu. Ajabu ingekuwa tarehe ambayo hakufa mtu.

Kwa hiyo Daniel arap Moi alifariki Februari 4, 2020, na Hage Geingob wa Namibia Februari 4, 2024. Thomas Sankara wa Burkina Faso aliuawa Oktoba 15, 1987, na Raila Odinga akafia India Oktoba 15, 2025. Hao wawili wa mwisho wanawagusa sana vijana. Wa chuo kikuu wakipita Oktoba 15 husimama muda mrefu wakibishana, na mimi huacha kazi nikawasikiliza.

Kuna moja inayonitikisa hata na hesabu yangu. John Adams na Thomas Jefferson, marais wa pili na wa tatu wa Marekani, walikuwa marafiki, wakawa mahasimu, kisha wakapatana uzeeni kwa kuandikiana barua. Wote wawili walikufa siku moja, Julai 4, 1826, ambayo ni miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru wa nchi yao. Miaka mitano baadaye, Julai 4, 1831, akafuata James Monroe, rais wa tano. Hapo mtu akitaka kunyamaza na kutafakari, simzuii.

Nimesikia Shakespeare na Cervantes walikufa siku moja. Kweli?

Tarehe ni moja, Aprili 23, 1616. Siku si moja. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori, ambayo ndiyo tunayotumia, na Uingereza ilibaki na ile ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 10. Shakespeare alikufa siku 10 baada ya siku hiyo ya Hispania. Tena kwa Cervantes, Aprili 23 ni siku iliyoandikwa ya kuzikwa, na wengi wanaona alikata roho siku moja kabla. Nawaandika pamoja, na maelezo hayo naweka chini kwa herufi ndogo.

Unaandika tarehe ya kufa, ya kutangazwa au ya kuzikwa?

Ya kufa. Na hapo kazi inaanza, kwa sababu watu wengi hukumbuka siku waliyosikia. Mwai Kibaki alifariki Aprili 21, 2022, Wakenya wakatangaziwa tarehe 22, na ukimuuliza mtu aliyekuwa Nairobi atakuapia ni 22. Kibaki ameungana na Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 21, 2025, Jumatatu ya Pasaka. Laurent Kabila alipigwa risasi Januari 16, 2001 na serikali yake ikatangaza kifo siku mbili baadaye. Kongo humkumbuka tarehe 16, na kesho yake humkumbuka Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 17, 1961. Habari za kuuawa kwa Lumumba zilifichwa kwa wiki kadhaa, hivyo waliomlilia walimlilia Februari.

Kiswahili chetu kimetusaidia sana hapa kwa maneno matatu: usiku wa kuamkia. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa ya Julai 24, 2020. Ukisema hivyo umemaliza, kila mtu anajua ni usiku upi, na hakuna haja ya kubishana kama saa sita ilikuwa imepita. Ninapoandika ubaoni naiweka ileile kauli, siifupishi.

Mzee Mwinyi alifariki Februari 29. Anakumbukwa lini?

Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alifariki Dar es Salaam Februari 29, 2024, akiwa na miaka 98, akazikwa Mangapwani, Unguja, Machi 2. Februari 29 nyingine ni ya 2028.

Mwaka wa kwanza baada ya kifo chake, 2025, nilikaa na chaki mkononi sijui niandike wapi. Nilitaka kumweka Machi 1, nikaona hapana, amefariki Februari. Nikamwandika tarehe 28, mstari wa mwisho kabisa chini ya ubao, na tarehe yake kamili. Mama mmoja muuza zabibu akasoma, akaniambia, "Mwalimu, sisi Mzee Ruksa tunamhesabia kwa Shaabani." Na ni kweli. Alifariki mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya Ramadhani, na kwa kalenda ya Hijria tarehe hiyo ipo kila mwaka. Ila itakuwa inarudi nyuma kama siku 11 kwa kalenda ya ukutani. Sasa namwandika mara mbili: Februari 28, na siku ile ya Shaabani ambayo yule mama hunikumbusha. Alinifundisha jambo ambalo sikufundishwa chuoni.

Kuweka kumbukumbu za mwaka si kinyume cha dini?

Waulize masheikh, mapadri na wachungaji wako. Hapa hakuna ibada, hakuna mshumaa wala ubani. Ni majina kwa chaki.

Wa kwetu wapo, au ni marais na wazungu tu?

Wapo, na kwa kweli ndio sababu nimeendelea. Desemba 30 mstari wa juu ni Hukwe Zawose, hata kama siku hiyo ina watu wanaotajwa zaidi duniani. Alianza akiwa mtoto mchunga ng'ombe hapa mkoani, Nyerere akamsikia na kumwita Dar es Salaam, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akaipeleka sauti ya Kigogo kwenye majukwaa ya Ulaya, Asia na Marekani. Alifariki Bagamoyo mwaka 2003. Kila Desemba 30 naweka simu yangu ndani ya ndoo tupu ya plastiki ili ilimba isikike mpaka barabarani. Mwaka juzi mzee mmoja wa kutoka vijijini, amebeba mfuko wa karanga, alisimama akaanza kutikisa mabega kama wanavyotikisa kwenye ngoma yetu, macho kayafumba, mfuko bado uko begani. Bajaji zilisimama. Hakuna aliyempigia honi.

Agosti 6 sasa ni ya Job Ndugai, mbunge wa Kongwa tangu 2000 na Spika kutoka 2015 hadi Januari 2022, aliyefariki hapa Dodoma mwaka 2025. Wanaokwenda soko la Nzuguni hutaja jina lake kila siku wanapomwambia kondakta washushwe "Ndugai". Papa Paulo wa Sita naye alifariki Agosti 6, mwaka 1978. Mei 1 yupo Balozi Augustine Mahiga, Waziri wa Katiba na Sheria, aliyefia Dodoma mwaka 2020. Machi 17 yupo Hayati Magufuli, aliyeihamishia Serikali kwetu. Mwili wake ulipoletwa uwanja wa Jamhuri, Machi 2021, mji huu haukulala.

Na jirani zetu wa Iringa wana Julai 19. Siku hiyo mwaka 1898 Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi asikamatwe na Wajerumani, ambao walikuwa wameahidi rupia 5,000 kwa kichwa chake. Kichwa kweli kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954 tu. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1947, ndipo alipouawa Aung San wa Burma pamoja na mawaziri wenzake, miezi michache kabla ya nchi yao kupata uhuru. Kule kwao Julai 19 ni Siku ya Mashahidi. Nikiwaandika wawili hao, wa Uhehe na wa Burma, naona wangeelewana.

Juni 24 uliandika "watu 281" bila jina. Hao ni mashuhuri?

Ni wa ajali ya treni ya Juni 24, 2002. Treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima kati ya Igandu na Msagali, hapa mkoani, ikarudi nyuma bila breki, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281. Miili ililetwa uwanja wa Jamhuri ili watu waje kutambua wao. Waliofanya kazi ile wapo, tunakutana nao sokoni, na Juni 24 wakipita hapa hawasomi, wanagusa ubao na kuendelea. Siwezi kuandika mwanamuziki wa Marekani aliyefariki tarehe hiyo nikawaacha hao. Kama "mashuhuri" haiwachukui, basi neno ndilo fupi.

Mbona kuna siku unaandika watu wabaya?

Historia inao. Nawaweka chini, nataja walichofanya, siwaandikii "hayati".

Hayati, marehemu, "RIP". Unachaguaje?

Marehemu ni ya kila aliyefariki, ni dua pia, aliyerehemiwa. Hayati tumezoea kuwapa viongozi na watu wakubwa, na wazee hukasirika ikitumika ovyo. Wa zamani sana, kama Mkwawa, siweki lolote, jina linatosha. Zile herufi tatu za Kiingereza siziandiki. Vijana wamezizoea kwenye simu na sina ugomvi nao, ila ubaoni nataka mtu asome sentensi nzima ya Kiswahili: alikuwa nani, alifanya nini. Namna alivyokufa naitaja kama ni sehemu ya historia yake. Kama ni ugonjwa wa mtu binafsi, hiyo ni siri ya familia.

Naweza kuleta jina?

Karibu sana. Lete na kitu cha kushika: kipande cha gazeti, picha ya jiwe la kaburi, programu ya mazishi, au mtu wa ukoo. Habari ya kwenye kundi la simu peke yake siipokei, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka wa kwanza niliambiwa kwamba mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha nusu ya watu wa mtaa huu, alifariki mwaka uliopita tarehe hiyo, mkoani kwao. Niliamini, nikaandika. Kabla ya saa nne binti yake alikuja akitembea haraka, kanga imemtoka begani, akasimama mbele ya ubao. Hakunifokea. Aliniambia, "Baba yuko hai. Jana jioni amekunywa uji." Alichukua kitambaa changu akafuta jina mwenyewe, herufi moja moja, kuanzia mwisho.

Nilifunga kibanda, nikaenda naye hadi nyumbani. Nilimwamkia mzee, nikamweleza, nikamwomba radhi. Alinishika mkono, hakuachia kwa muda, akauliza niliandika sifa gani. Nikamwambia. Akasema niongeze kwamba alikuwa akifundisha pia ukulima wa mtama. Alifariki kweli miaka miwili baadaye. Niliandika tarehe yenyewe, na mtama nikautaja.

Unaandika saa ngapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wanafunzi hawajapita. Upepo wa Julai na Agosti hufuta chaki, hivyo miezi hiyo narudia saa sita mchana. Ukikuta ubao mtupu, nipo msibani. Uliza hapo kwa muuza zabibu, atakuambia ni wa nani.